Mtandao wa Nyumbani na Mafaili Yasiyocheza: Utaratibu wa Kubaini Hitilafu na Nafasi ya Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Kompyuta iliyohifadhi masomo ya video, filamu au rekodi za fasihi simulizi inaweza kuyafikisha maudhui hayo kwenye televisheni na simu zilizomo katika nyumba ileile bila kutumia intaneti. Hata hivyo, uchezaji unapogoma, mara nyingi lawama huelekezwa kwa "mtandao", na tiba inayofuata huwa ni kununua kifurushi kikubwa zaidi cha data au kifaa kipya. Makala haya yanafafanua safari ya faili kutoka kwenye diski hadi kwenye kioo, yanapendekeza utaratibu wa maswali matano ya kubaini mahali safari hiyo inapokatika, na yanajenga hoja kwamba utata wa neno mtandao ni sehemu ya tatizo lenyewe. Mwishoni yanatoa mapendekezo kuhusu utayarishaji wa maudhui, ununuzi wa vifaa na usanifishaji wa istilahi.

Istilahi kuu: mtandao wa ndani, intaneti, kasha la faili, kodeki, kutiririsha

1.0 Utangulizi

Kutazama video iliyomo kwenye kompyuta ya sebuleni kupitia televisheni ya chumba kingine hakuhitaji intaneti. Kinachohitajika ni ruta, hata ile ndogo ya laini ya simu, pamoja na vifaa viwili vinavyoelewana. Programu kama Kolibri na Kiwix, ambazo husambaza masomo na ensaiklopidia kutoka kompyuta moja hadi vifaa vingi mahali pasipo na intaneti, zimejengwa juu ya msingi huohuo. Kwa mwalimu mwenye masomo ya video kwenye diski moja, au mtafiti mwenye saa nyingi za rekodi za masimulizi, njia hii humwondolea gharama ya kupakua upya kitu ambacho tayari anacho.

Gharama hiyo hurudi pale uchezaji unaposhindikana na mtumiaji asijue sababu. Ujumbe unaotokea kwenye kioo huwa mfupi na wa jumla: faili haliwezi kuchezwa, au kifaa hakipatikani. Wahenga walionya kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Katika suala hili mtu huanza moja kwa moja na ukuta: hubadilisha ruta, huongeza kifurushi au hununua televisheni nyingine, ilhali ufa wenyewe haujatafutwa. Makala haya yanashughulikia namna ya kuutafuta.

2.0 Neno moja, dhana nyingi

Katika Kiswahili cha kila siku neno mtandao hubeba angalau dhana nne. Kwanza, ni kampuni ya simu: mtu huulizwa anatumia mtandao gani. Pili, ni mawimbi ya simu: kijiji fulani hakina mtandao. Tatu, ni intaneti na majukwaa yake: habari imesambaa mtandaoni. Nne, ni muunganiko wa vifaa vilivyomo ndani ya jengo moja. Wazungumzaji wa Kongo wasemao rezo, na wale wa kwingineko wasemao netiweki, hawajauepuka utata huu, kwa kuwa maneno hayo nayo hutumika kwa mawimbi ya simu na kwa muunganiko wa kompyuta vilevile.

Utata huu una matokeo ya vitendo. Anayesema "mtandao unasumbua" wakati video ya kwenye kompyuta yake inakwamakwama katika televisheni hudhani kwamba kasi ya intaneti ndiyo iliyopungua. Hupima kasi hiyo kwa simu, huona ni ndogo, na huridhika kwamba amepata chanzo. Kipimo hicho, hata hivyo, kimepima barabara nyingine kabisa. Njia kutoka ruta hadi kwa kampuni ya simu haipitiwi na faili linalotoka chumba kimoja kwenda kingine.

Katika makala haya, mtandao wa ndani ni muunganiko wa vifaa ndani ya jengo, na intaneti ni huduma inayoingia kutoka nje. Jaribio rahisi huthibitisha tofauti hiyo: laini ya simu ikitolewa kwenye ruta, au kifurushi kikiisha, video inayotoka kwenye kompyuta ya ndani huendelea kucheza, isipokuwa pale ambapo programu inayotumika humtaka mtumiaji athibitishe akaunti yake kupitia intaneti.

3.0 Safari ya faili

Kabla ya kutafuta hitilafu yafaa kuijua njia. Faili huanzia kwenye diski ya kompyuta inayolitoa, ambayo hapa itaitwa seva, hata ikiwa ni kompyuta mpakato ya kawaida. Seva hulisoma faili, hulikata vipande vidogo na kuvituma kwa ruta kupitia kebo au mawimbi. Ruta huvipeleka kwa kifaa cha kuchezesha, ambacho huvipanga, huviweka katika akiba ya muda ya sekunde chache, huvisimbua, kisha huonyesha picha na kutoa sauti.

Ili safari hiyo ikamilike, masharti matano lazima yatimie: vifaa viwe katika mtandao mmoja wa ndani, viweze kuonana, seva iruhusu faili lisomwe, kifaa cha kuchezesha kielewe lugha ya faili, na njia iweze kubeba kiasi cha data kinachohitajika kwa kila sekunde. Masharti haya yana mpangilio. Hakuna faida ya kupima uwezo wa njia ikiwa vifaa havijaonana, wala ya kushughulikia ruhusa ikiwa kila kifaa kiko katika mtandao wake.

4.0 Maswali matano ya kubaini hitilafu

4.1 Je, vifaa vimo katika mtandao mmoja?

Kila kifaa kilichounganishwa hupewa anwani ya namba. Tangu mwaka 1996 mafungu maalumu ya anwani yametengwa rasmi kwa mitandao ya ndani, yakiwemo yale yanayoanza na 192.168 na 10. Katika ruta nyingi za nyumbani, sehemu tatu za kwanza za anwani hufanana kwa vifaa vyote. Kompyuta yenye 192.168.1.5 na televisheni yenye 192.168.1.9 kwa kawaida zimo katika mtandao mmoja. Ikiwa ya pili ni 192.168.0.9, inaelekea kuna ruta mbili, na kila moja inagawa anwani zake. Hali hii hutokea mtu anapoongeza ruta ya pili ili mawimbi yafike chumba cha mbali. Anwani inayoanza na 169.254 ina maana nyingine: kifaa hakikupewa anwani na ruta, kikajitungia chenyewe.

Chanzo kingine ni mtandao wa wageni. Ruta nyingi zina jina la pili la Wi-Fi kwa ajili ya wageni, ambalo huwapa intaneti lakini huwazuia kuvifikia vifaa vya mwenye nyumba. Televisheni iliyounganishwa humo itapata intaneti bila tatizo, wala haitaiona kompyuta kamwe.

4.2 Je, vifaa vinaonana?

Kuwa katika mtandao mmoja hakutoshi. Mfumo wa DLNA, ulioasisiwa mwaka 2003 na kampuni za vifaa vya elektroniki na kompyuta, hutegemea vifaa kujitangaza. Seva hutuma tangazo kwa anwani ya pamoja, 239.255.255.250, kupitia mlango namba 1900, na televisheni inayosikiliza huiweka katika orodha yake. Muungano ulioasisi mfumo huo ulivunjwa mwaka 2017, lakini televisheni nyingi bado hutumia taratibu zake.

Tangazo hilo huzuiwa kwa njia tatu za kawaida. Kwanza, mfumo wa Windows huuliza kama mtandao ni wa umma au wa faragha. Mtumiaji akichagua wa umma, kompyuta hujificha. Pili, programu za ulinzi huweza kuufunga mlango huo. Tatu, kompyuta huenda imelala baada ya dakika kadhaa bila kuguswa, na seva iliyolala haijitangazi.

Kukatika kwa umeme nako huacha alama. Umeme unaporudi, ruta huweza kugawa anwani upya, na njia ya mkato iliyohifadhiwa kwenye televisheni ikabaki inaelekeza kwenye anwani ya zamani. Dawa ni kuiagiza ruta iihifadhie seva anwani moja ya kudumu, kazi inayofanywa mara moja tu katika ukurasa wa mipangilio ya ruta.

4.3 Je, seva inaruhusu?

Hapa orodha huonekana, lakini faili likichaguliwa mtumiaji hukataliwa au huombwa nywila. Kabrasha linaposhirikishwa kupitia itifaki ya SMB, jina na nywila vinavyotakiwa ni vya akaunti ya kompyuta inayolitoa. Anayeingia kwenye Windows kwa namba fupi ya siri hushangaa namba hiyo inapokataliwa. Sababu ni kwamba namba hiyo hufanya kazi kwenye kompyuta ileile tu. Kupitia mtandao hutakiwa nywila kamili ya akaunti.

Tatizo zito zaidi ni umri wa itifaki. Toleo la kwanza la SMB ndilo lililotumiwa na programu hasidi ya WannaCry kuenea duniani mwezi Mei 2017. Baadaye mwaka huohuo Microsoft iliacha kuliweka toleo hilo katika usakinishaji mpya wa Windows 10. Televisheni, visanduku vya kuchezesha video na diski za mtandao za zamani zisizojua toleo jingine haziwezi tena kuzungumza na kompyuta mpya. Kulirudisha toleo hilo huondoa usumbufu lakini hufungua mlango uliofungwa kwa sababu nzuri. Njia salama ni kutumia DLNA, au kuunganisha kwenye televisheni kisanduku kipya kinachojua matoleo ya baadaye.

4.4 Je, kifaa kinaielewa lugha ya faili?

Swali hili linastahili maelezo marefu kuliko mengine, kwa kuwa hitilafu zake hujificha nyuma ya sura ya mtandao. Faili la video lina tabaka mbili. Tabaka la nje ni kasha, ambalo hujulikana kwa herufi za mwisho za jina: MP4, MKV au AVI. Ndani ya kasha mna picha na sauti, kila moja ikiwa imesimbwa kwa kodeki yake. Msomaji anakijua kisimbuzi cha televisheni. Kodeki ni kanuni inayotumika kuifinyanga picha ili ichukue nafasi ndogo, na kifaa cha kuchezesha lazima kiijue kanuni hiyo ili kiweze kuifumbua.

Kodeki za picha zimefuatana: H.264 iliidhinishwa mwaka 2003, H.265 mwaka 2013, na AV1 ilitolewa mwaka 2018. Kila moja hupunguza ukubwa wa faili kuliko iliyotangulia, lakini kifaa kilichotengenezwa kabla yake kwa kawaida hakiijui. Mafaili mawili yenye herufi MP4 yanaweza kutofautiana kabisa ndani yake. Video iliyorekodiwa kwa simu mpya katika H.265 itagoma kwenye televisheni ya zamani, ilhali jirani yake katika kabrasha lilelile inacheza vizuri.

Dalili husaidia. Picha ikionekana bila sauti, kodeki ya sauti haijulikani kwa kifaa. Jambo hili hutokea kwa sauti za DTS na AC-3, ambazo baadhi ya televisheni na simu hazizisimbui. Sauti ikisikika bila picha, tatizo ni kodeki ya picha. Faili lisipoonekana kabisa katika orodha huku mengine yakionekana, huenda kasha lenyewe halitambuliwi.

Jaribio la uamuzi ni kunakili faili kwenye diski mweko na kuichomeka moja kwa moja kwenye televisheni. Likigoma hapo pia, mtandao hauna hatia. Tahadhari ni kwamba diski iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofikia gigabaiti 4. Kucheza kwenye kompyuta hakuthibitishi lolote, hasa kwa programu ya VLC, ambayo hubeba ndani yake visimbuzi vya takriban kila kodeki inayotumika. Badala yake, programu ya MediaInfo hutaja kasha na kodeki za faili, na taarifa hizo hulinganishwa na kitabu cha maelezo cha televisheni.

Tiba ni mbili, na tofauti yake ni muhimu. Ikiwa kodeki zinakubalika ila kasha halikubaliki, programu kama FFmpeg huhamisha yaliyomo hadi kasha jingine kwa muda mfupi bila kupunguza ubora. Ikiwa kodeki yenyewe haikubaliki, lazima isimbwe upya, kazi inayoielemea kompyuta. Seva za Plex na Jellyfin hufanya usimbaji huo papo hapo wakati video inatazamwa. Kompyuta dhaifu hushindwa kwenda sambamba na uchezaji, picha hukwama kila baada ya sekunde chache, na mtazamaji hulaumu mtandao. Manukuu nayo huweza kuleta matokeo hayo pale seva inapolazimika kuyachora juu ya picha. Ukurasa wa usimamizi wa seva huonyesha kama faili linatumwa lilivyo au linasimbwa upya. Hapo ndipo pa kuangalia kabla ya kugusa ruta.

4.5 Je, njia inatosha?

Swali hili hujibiwa kwa hesabu. Baiti moja ni biti 8. Filamu ya saa mbili yenye gigabaiti 4.5 ina megabiti 36,000. Zikigawanywa kwa sekunde 7,200 hupatikana wastani wa megabiti 5 kwa sekunde. Faili la gigabaiti 27 la muda uleule huhitaji megabiti 30. Rekodi ya sauti ya masafa ya sampuli 96,000, biti 24 na njia mbili, ambayo watafiti wa fasihi simulizi huipenda kwa ubora wake, huhitaji megabiti 4.6 tu. Kwa kuwa matukio yenye mwendo mwingi huzidi wastani, ni busara njia iwe na uwezo maradufu.

Uwezo halisi hupimwa kwa kunakili faili kati ya vifaa na kuhesabu muda. Faili la megabaiti 900 likinakiliwa kwa sekunde 60, kasi ni megabaiti 15, yaani megabiti 120 kwa sekunde, na inatosha kwa mifano yote iliyotajwa. Matokeo yakiwa madogo, jambo la kwanza la kuchunguza ni kama vifaa vyote viwili vinatumia Wi-Fi. Kila kipande husafiri hewani mara mbili, kutoka kompyuta hadi ruta na kutoka ruta hadi televisheni, na safari zote mbili hugombea hewa ileile. Kuiunganisha kompyuta na ruta kwa kebo huondoa safari moja bila gharama ya ruta mpya. Mawimbi ya gigahezi 5 hubeba zaidi lakini hudhoofishwa haraka na kuta za zege. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi lakini hugombaniwa na majirani.

5.0 Muhtasari wa dalili

Jedwali 1: Dalili na mahali pa kuanzia uchunguzi

| Dalili | Swali la kuanzia |
|---|---|
| Kifaa kina intaneti lakini hakioni seva | 4.1, kisha 4.2 |
| Seva hutoweka baada ya muda au umeme ukikatika | 4.2 |
| Orodha inaonekana, faili linakataliwa | 4.3 |
| Picha bila sauti, au sauti bila picha | 4.4 |
| Baadhi ya mafaili hucheza, mengine hayachezi | 4.4 |
| Kukwama huku kompyuta ikielemewa | 4.4 |
| Kukwama kwa mafaili makubwa tu, kompyuta ikiwa tulivu | 4.5 |

Inafaa kusisitizwa kwamba hakuna safu ya jedwali hili inayotibiwa kwa kuongeza kifurushi cha intaneti.

6.0 Mapendekezo kwa watunga sera

Kwanza, maudhui ya umma yatayarishwe kwa ajili ya kifaa dhaifu kilichopo, si kile bora kinachotarajiwa. Taasisi inayosambaza masomo ya video itunze nakala kuu ya ubora wa juu, na itoe nakala ya kusambazwa katika kasha la MP4, picha ikiwa ya H.264 ya biti 8 na sauti ya AAC. Mchanganyiko huu husimbuliwa na takriban kila simu na televisheni iliyo na uwezo wa kucheza video. Faili litakuwa kubwa kiasi kuliko la H.265, lakini gharama ya nafasi kwenye diski hulipwa mara moja na msambazaji, ilhali gharama ya faili lisilocheza hulipwa na kila shule. Kanuni hiyo itumike pia kwa hifadhi za sauti: rekodi asilia ibaki ilivyo, na nakala ya kusikiliza itolewe kando.

Pili, zabuni za ununuzi zitaje sifa zinazohusika. Maneno "televisheni janja" hayatoshi. Zabuni itaje kodeki za picha na sauti, toleo la itifaki ya kushirikisha mafaili, na uwezo wa kufanya kazi pasipo intaneti. Ukaguzi wa mapokezi uambatane na jaribio la kuchezesha mafaili halisi yatakayotumika, kupitia mtandao na kupitia diski mweko.

Tatu, istilahi zipatiwe mwafaka. Mfano upo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba istilahi hujengeka haraka zinapotumika katika kazi halisi. Lililobaki katika uwanja huu ni dogo kwa idadi: kutenganisha intaneti na mtandao wa ndani, kukubaliana kuhusu kasha, kodeki na kusimba upya, na kuhakikisha kwamba ujumbe wa hitilafu unataja hatua iliyokwama. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inafaa kuratibu kazi hiyo ili mwalimu wa Bujumbura na fundi wa Kampala wasihitaji kamusi mbili kueleza hitilafu moja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kushindikana kwa uchezaji wa faili katika mtandao wa nyumbani kunaweza kubainiwa kwa maswali matano yanayofuatana, na kwamba majaribio matatu mepesi, yaani kuzima intaneti, kutumia diski mweko na kupima muda wa kunakili, hutosha kuondoa dhana nyingi potofu. Majaribio hayo hayahitaji kifaa cha kununua. Yanahitaji mtumiaji awe na neno la kuitofautisha njia ya ndani na njia ya nje, na la kulitofautisha kasha na kilichomo. Pasipo maneno hayo fundi na mteja wake wataendelea kukubaliana kwamba "mtandao ni mbovu", na mteja ataondoka akiwa na risiti ya kifaa kipya na faili lilelile lisilocheza.